Fignon na Wiki Mbili Alizokuwa Nazo

Kijana anayeingia kwenye mbio za baiskeli za kushindana na saa, zile ambazo kila mmoja huondoka peke yake na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi, hachelewi kuuliza bei. Magurudumu ya kaboni ni kiasi gani? Na ile fremu mpya je? Mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na wengi wetu tuliziona kwa karibu mashine zenye thamani ya gari. Tamaa ikapata sura. Kwa hiyo, kabla hujakopa kwenye kikundi chenu cha akiba, nisikilize kwanza nikupe habari ya Laurent Fignon.

Fignon hakuwa mwanagenzi. Mfaransa huyu alishinda Tour de France mwaka 1983 na 1984, na alipofika kwenye mstari wa kuanzia mwaka 1989 alikuwa ametoka kushinda Giro d'Italia wiki chache tu kabla. Mkuu wa timu yake ya Super U, Cyrille Guimard, alihesabiwa miongoni mwa watu wenye akili kali kuliko wote katika mchezo huo. Mpinzani aliyemsumbua alikuwa Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour ya mwaka 1986, kisha Aprili 1987 akapigwa risasi na shemeji yake kwa bahati mbaya walipokuwa wakiwinda bata mzinga. Makumi ya vipande vya risasi vilibaki mwilini mwake. Mwaka 1989 alikuja na timu ndogo ya Kibelgiji, na wachache walimtarajia.

Katika hatua ya 5, kilomita 73 za kushindana na saa kutoka Dinard hadi Rennes, LeMond alitokea na kitu ambacho wengi hawakukizoea: vyuma vilivyochomoza mbele ya usukani, vyenye mito midogo ya kulazia viwiko. Mikono ilinyooka mbele na kukaribiana, mgongo ukalala, kichwa kikazama kati ya mabega. Wazo hilo lilitoka kwa Boone Lennon, kocha wa kuteleza kwenye theluji aliyejua namna watelezaji wanavyojikunja wakishuka mlima, na wanatriathloni wa Marekani walikuwa wameshaanza kulitumia. Waamuzi waliruhusu, ingawa uhalali wake ulizua maneno. LeMond alishinda hatua hiyo. Fignon alipoteza sekunde 56, na LeMond akavaa jezi ya njano ya anayeongoza kwa tofauti ya sekunde 5.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kifaa hakikufichwa kwenye karakana. Kilipita barabarani mchana kweupe, mbele ya kamera, na matokeo yake yakasomwa kwa sekunde. Hakikuhitaji baiskeli mpya, kwani kilifungwa kwa boliti juu ya usukani uliokuwepo. Kuanzia siku ile hadi hatua ya mwisho, ambayo nayo ilikuwa ya kushindana na saa, zilibaki zaidi ya wiki mbili. Timu ya Fignon ilikuwa na mafundi, magari na bajeti. Kilichokosekana ni asubuhi moja ya kukifunga na kukijaribu.

Milimani jezi ilibadilisha mabega. Fignon aliichukua Superbagnères, LeMond akairudisha Orcières-Merlette, Fignon akaitwaa tena Alpe d'Huez, na siku iliyofuata akashinda Villard-de-Lans. Alikuwa mbele kwa sekunde 50, na zilikuwa zimebaki kilomita 24.5 tu za kushindana na saa kutoka Versailles hadi Champs-Élysées. Ili ampokonye, LeMond alipaswa kumzidi kwa zaidi ya sekunde mbili katika kila kilomita, na wajuzi wengi walisema hilo haliwezekani. Hawakujua kwamba Fignon alikuwa ameota kidonda pale mwili unapogusa kiti, na usingizi ulikuwa umempotea.

Tarehe 23 Julai 1989 LeMond aliondoka dakika mbili kabla yake, akiwa na helmeti yenye mkia na viwiko vyake kwenye mito. Alikuwa amewaomba watu wa timu wasimtajie muda wowote njiani. Alimaliza kwa dakika 26 na sekunde 57, wastani wa karibu kilomita 54.5 kwa saa. Fignon alikuja nyuma akiwa kichwa wazi, nywele zimefungwa mkia, mikono imepanuka kwenye usukani wa kawaida wa mbio hizo. Alitumia dakika 27 na sekunde 55. Baada ya kilomita zaidi ya 3,200 na saa zaidi ya 87, alipoteza Tour kwa sekunde 8. Hakuna Tour nyingine ya wanaume iliyoamuliwa kwa tofauti ndogo kiasi hicho.

Watu hupenda kuzitaja zile nywele. Mimi naona wanamwonea. Siku hiyo Fignon alishika nafasi ya tatu, akiwa na kidonda, na majira ya vuli ya mwaka huohuo alishinda Grand Prix des Nations, mbio ya saa iliyoheshimiwa sana siku hizo. Nguvu alikuwa nayo. Hata pesa ilikuwa imeshatumika: baiskeli yake ilikuwa na magurudumu mawili yaliyozibwa, la mbele na la nyuma, wakati LeMond alitumia gurudumu la namna hiyo nyuma tu. Ghali zaidi alikuwa nayo yeye.

Hesabu yake inauma. Ili apate sekunde 8 ndani ya dakika 28 kasoro kidogo, kasi ilihitaji kupanda kwa nusu ya asilimia moja. Nguvu ya kuisukuma hewa hukua haraka kuliko kasi yenyewe: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa huwa mara nane. Ukiigeuza hesabu hiyo, nusu ya asilimia ya kasi ni sawa na kupunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia moja na nusu hivi. Kiasi hicho unaweza kukipata kwa helmeti peke yake, acha viwiko.

Na hewa ndiyo adui mwenyewe. Kwenye barabara tambarare, kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, zaidi ya asilimia 80 ya jasho lako huishia kwenye hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wako, si chuma. Toa kiganja nje ya dirisha la daladala likiwa kwenye mwendo, kwanza kikiwa wima, halafu kilaze. Mkono ni uleule. Ndiyo sababu fremu ya mamilioni chini ya mwili uliosimama wima haikufikishi popote, na baiskeli ya mtumba chini ya mwili uliojikunja vizuri inaweza kuaibisha wengi. Mskoti Graeme Obree alionyesha hilo mwaka 1993, alipojiundia baiskeli mwenyewe, yenye beringi za mashine ya kufulia, na kifua kikilalia mikono iliyokunjwa. Kwenye ukumbi wa Hamar, Norwei, alivunja rekodi ya dunia ya saa moja kwa kwenda kilomita 51.596. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha baiskeli kilipiga marufuku mkao ule. Soma kanuni za mbio zako kabla ya kufunga chochote.

Basi utaanzia wapi? Anza na mwili, maana haununuliwi. Mwombe mwenzako akupige picha ya video kutoka mbele ukiwa kwenye kasi. Tazama viwiko vilivyopanuka, kichwa kilichoinuka, jezi inayopepea mabegani. Jezi inayopepea ni breki. Ikibana mwilini bila kukukaba, na namba ya mashindano ikabandikwa ikalala pembe zote, umeshapata sekunde kwa bei ya pini.

Kisha jaribu, na jaribio halihitaji maabara. Tafuta mteremko wa taratibu usio na magari, alfajiri upepo haujaamka. Anza kutoka alama moja, usipige pedali, acha baiskeli ishuke, na uandike kasi unayofikia kwenye alama ya chini. Nguo zilezile, upepo uleule kwenye matairi. Mkao wa zamani, mkao mpya, wa zamani tena, mpya tena. Usiridhike na mara moja moja, kwa sababu hewa hubadilika dakika hadi dakika; mkao mpya ukishinda kila unapourudia, hapo umepata kitu. Ukishinda leo na kushindwa kesho, ulikuwa upepo tu.

Mkao wa chini zaidi si lazima uwe wa kasi zaidi. Ukizidi kulala, magoti hugonga tumbo, pumzi hukatika na miguu hupoteza nguvu. Unatakiwa ule unaoweza kuushikilia hadi mwisho wa mbio, na shingo haizoei kwa usiku mmoja. Wako wanaosikia habari ya Fignon kisha hufunga usukani wa viwiko jioni ya kuamkia mashindano. Hao wamejifunza nusu ya funzo, na nusu hiyo ni ya hatari: mikono iko mbali na breki, baiskeli hutikisika kwa kila pigo la upepo, na boliti ambayo fundi hakuikaza sawasawa itakuangusha kifudifudi. Fanya mazoezi mahali pasipo na bodaboda wala malori. Kamwe usilalie viwiko ukiwa ndani ya kundi. Hata kwenye mbio za pamoja za kimataifa, kulaza mikono hivyo kumekatazwa tangu 2021.

Ukibaki na hela kidogo, nunua matairi kabla ya magurudumu. Tairi laini lenye ukuta mwembamba hubingirika kwa urahisi kuliko lile gumu la kubebea mizigo, na tyubu ya lateksi ndani yake huongeza faida, ingawa hupoteza upepo haraka na inataka kujazwa kila siku ya kutoka. Usijaze hadi tairi liwe jiwe. Kwenye lami yetu yenye mikwaruzo, tairi lililokazwa mno hurukaruka, na kila mruko ni nguvu iliyopotea. Punguza kidogo kidogo hadi litulie. Mnyororo safi uliopakwa mafuta mepesi nao hulipa. Chupa ya maji iache nyumbani kama mbio ni ya dakika 20.

Halafu kuna kitu ambacho hakiuzwi popote, nacho ni kugawa nguvu. Wengi huondoka kwa pupa, wakalipa kwa maumivu katikati ya njia, na muda unaopotea hapo ni mrefu kuliko wowote ambao gurudumu lingerudisha. Robo ya kwanza ikupe hisia kwamba unajizuia. Kwenye kilima na kwenye upepo wa mbele ongeza kidogo, kwa kuwa huko ndiko muda mwingi unakotumika. Kwenye mteremko jikunje na upumue.

Haya yote yanahitaji kalenda zaidi ya pochi. Mwezi mmoja kabla ya mbio, chagua mkao. Wiki tatu kabla, endesha nao kila mara unapotoka, ukiwa na helmeti na nguo zilezile za siku yenyewe. Wiki mbili kabla, pita umbali kamili kwa saa na uandike muda. Wiki ya mwisho usibadilishe chochote: safisha mnyororo, kagua breki, kaza boliti za usukani, ulale mapema.