Mwenye Moshi ni Nani?

Katika bomba la moshi la pikipiki nyingi kubwa za siku hizi mna kifaa ambacho mafundi hukiita katalitiki konveta. Ndani yake mna vitundu vingi mfano wa sega la nyuki, vilivyopakwa utando mwembamba wa madini ya thamani kama platini, paladi na rodi. Moshi upitapo humo ungali moto, gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi hugeuka kuwa kaboni dioksidi, na mvuke wa petroli isiyoungua hugeuka vilevile, pamoja na maji. Madini yenyewe hayaliki kwa kazi hiyo.

Wako waendeshaji wanaokikata kifaa hiki na kutia bomba tupu mahali pake. Hutafuta ngurumo kubwa, uzito uliopungua, na nguvu kidogo ya ziada. Ukiwauliza, hujibu kuwa pikipiki ni mali yao, waliyoinunua kwa jasho lao.

Jibu hilo silidharau. Lakini tazama jinsi mwenye kudai bomba anavyoukana moshi: bomba ni langu, asema, moshi ukisha kutoka ni wa upepo. Mwenye mbuzi aliyekula mihogo ya jirani hulipa, ingawa yeye mwenyewe hakutia jino shambani. Tofauti ni kwamba mihogo iliyoliwa huonekana. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, ikang'ang'ania kwa nguvu zizidizo za oksijeni mara 200. Mwizi huacha pengo ghalani, mwenye ghala akajua kuwa ameibiwa. Mama achomaye mahindi kando ya barabara hajui ni nani aliyemletea maumivu ya kichwa jioni; hulaumu jua. (Jiko lake la makaa nalo lina fungu lake, nakiri.)

Zamani palikuwa na udhuru. Petroli ilitiwa madini ya risasi, na risasi huua nguvu ya kifaa hicho. Kenya iliiacha petroli hiyo mwaka 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kuwa hapana nchi tena inayoiuza kwa magari. Nayo Ibara ya 42 ya Katiba yetu ya 2010 humpa kila mtu haki ya mazingira safi.

Liko neno moja linalonitatiza. Kifaa kikiziba kwa uchakavu, injini hukosa pumzi, na bei ya kipya yaweza kumshinda mtu anayelisha watoto kwa pikipiki hiyo. Huyu simweki pamoja na mpenda ngurumo. Hata hivyo siwezi kumwambia kuwa hadhuru mtu.

Nimewahi kumwona fundi akiikataa kazi hiyo. Mteja hakugombana naye. Alivuka barabara, akafanyiwa na fundi wa pili kabla ya adhuhuri.