Je, Aliyekwisha Kuugua Viungo Yampasa Kuacha Tumbako?

Wavutao sigara wengi, wakishapatwa na baridi yabisi, husema: "Maradhi yamekwisha kuingia, kuacha sasa kutafaa nini?" Hoja hii ina sura ya akili, na kwa hiyo huwahadaa hata wenye akili.

Baridi yabisi ikusudiwayo hapa si maumivu ya uzee yatokanayo na kuchakaa kwa viungo. Ni yale maradhi ambayo kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na adui wa nje, humgeukia mwenyewe: utando wa ndani ya kiungo huvimba, vidole hukakamaa asubuhi, mfupa hulika, hata kuketi tahiyatu kukawa adhabu. Mwaka 2006 matabibu wa Sweden walieleza kwamba shari hii yaweza kuanzia mapafuni. Moshi hugeuza baadhi ya protini za mwili, kinga ikazidhania ngeni; na kwa mwenye urithi fulani wa damu, silaha zilizoundwa kwa ajili hiyo huja kupiga viungo, pengine baada ya miaka mingi.

Basi mgonjwa avutaye ni kama baharia afutaye maji jahazini huku akitoboa ubao mwingine. Methotreksati, dawa iliyo mashuhuri kwa maradhi haya, aghalabu huwafaa wavutao kidogo kuliko wasiovuta. Wengi huilaumu dawa.

Je, akiacha atapona? La, wala asiahidiwe hivyo. Amwitaye mtu kwenye kheri kwa ahadi ya uwongo huiharibu kheri yenyewe. Wako waliopata nafuu ya viungo, na wako wasioiona. Lililo yakini ni la moyo: maradhi haya peke yake huuzidishia moyo khatari, na tumbako huongeza juu yake, na mwenye kuacha huipunguza.

Lakini hata faida isingalikuwa yakini, hoja ile ingalianguka. Mwili ni amana. Mtu aliyewekewa nyumba, ikaungua nusu, hapati kwa moto ule idhini ya kuichoma nusu iliyobaki. Na asemaye "siachi illa nikijua nitalipwa" amegeuza amana kuwa biashara.

Wala khasara haimkomei yeye. Urithi ule wa damu huenda wanao pia nduguze na wanawe, na moshi ukikutana nao khatari huzidi sana. Uchunguzi wa wauguzi wa Marekani, ulioanza mwaka 1976, umeonyesha kwamba khatari ya kupatwa na maradhi haya hushuka kwa aliyeacha, lakini polepole mno, kwa miaka ishirini na zaidi. Na katika nyumba nyingi atumwaye dukani kununua sigara za baba ni mtoto.