Mizani na Kura

Mkulima wa Mkula, katika Mkoa wa Simiyu, hupata mali yake juu ya ardhi. Hupanda pamba, huipalilia, huichuma kwa vidole, kisha huipeleka mizanini. Katika kanda hiyo hiyo ya Ziwa, huko Mwadui na Geita, mali imelala chini ya ardhi: almasi na dhahabu. Zote ni neema za nchi moja, lakini hazigawi riziki kwa namna moja. Hapo ndipo lilipo swali gumu: je, watu wakiwa na haki ya kupiga kura, utajiri wa nchi utawafikia wote kwa usawa?

Pamba haipatikani ila kwa mikono ya wengi, na kwa hiyo wengi wana nguvu juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba wanunuzi waliwapunja katika mizani. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza, wala hawakuwa na mbunge wa kumchagua. Walijiunga katika vyama vya ushirika, wakachagua viongozi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Na mwaka 1955, Paul Bomani akiwaongoza, vyama hivyo vikaunda shirikisho moja kubwa. Kwao demokrasia ilianza kwa ratili ya pamba.

Madini si hivyo. Tangu John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, mali hiyo imepita katika lango moja lenye ulinzi. Mashine kubwa na wafanyakazi wachache hutosha kuitoa. Mkulima akiweka jembe chini, pamba hupungua. Dhahabu haina habari naye. Basi kazi iliyofanywa na mikono mingi hapana budi ifanywe na kura. Lakini kura huenda polepole. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa 3 kwa mia. Chaguzi kuu nne zilipita kabla haujafika 6 kwa mia, mwaka 2017.

Wala fedha ikiisha kuingia hazina, safari haijakwisha. Botswana imefanya uchaguzi tangu mwaka 1965, na almasi zake zimejenga shule na barabara nyingi. Hata hivyo ni miongoni mwa nchi zenye tofauti kubwa kabisa ya kipato duniani. Kura yaweza kuulinda mfuko wa serikali usiibwe, wala isijaze kiganja cha maskini. Mgodi hulipa mishahara ya wachache, na fedha ya hazina aghalabu huifuata njia iendayo mjini.

Je, ndiyo kusema kwamba mali ya mikono mingi ina salama? La hasha. Wakulima wale wale walioshinda mizanini walikuja kuvilalamikia vyama vyao wenyewe, hata Kamati Maalumu ya Rais ikavichunguza mwaka 1966, na mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Viongozi walichaguliwa, lakini mizani ilikuwa imeachwa bila macho. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Watasema wengine kwamba hesabu za madini ni elimu ya mabingwa, na mkulima hataziweza. Lakini hata mizani ya mnunuzi ilikuwa fumbo kwake, mpaka alipomweka mtu wake kusimama karibu nayo. Haki haikumtaka awe bingwa. Ilimtaka awe na shahidi.

Mkulima wa Mkula hana hisa ya dhahabu mkononi. Fungu lake, kama likimfikia, humfikia katika dawa ya hospitali, dawati la mtoto na daraja lipitikalo masika. Kura humpa neno siku moja katika miaka mitano. Mizani hupima kila siku. Taifa litakalo usawa halina budi kumwonyesha, kwa lugha aijuayo, kilichotoka ardhini na kilichorudi kijijini. Pasipo hayo, atakuwa amechagua wapimaji bila kuiona mizani.