Bei na Haki Yake

Hapana neno litamkwalo mara nyingi sokoni kuliko neno bei, wala hapana lifikiriwalo haba kuliko hilo. Mtu huuliza bei, akafurahi au akaguna, akalipa au akaenda zake. Lakini ni nadra kumsikia akiuliza bei hiyo imepangwa na nani, imepita mikononi mwa watu wangapi, na kama kila mmoja wao ametendewa haki. Vijana wasomao kitabu hiki hutumwa dukani karibu kila siku. Swali hili basi si la wenye mali peke yao. Ni lao pia.

Nitalitazama kutoka Kwale, maana katika kaunti hii namna mbili za kuuza chakula zimewekwa jirani sana. Kando ya barabara ya Diani yako maduka makuu, yaani supamaketi, yenye vigari vya kusukuma, rafu ndefu na ubaridi wa mashine. Ukishika njia ya kusini, kabla saa moja haijatimia umefika Msambweni. Huko, kama vile ndani ya mitaa ya Ukunda, utakuta duka la dirisha moja lenye nondo, mwenyewe amekaa karibu na mizani yake, na nyuma yake mna karibu kila kitu cha lazima. Katika duka la kwanza bei imeandikwa rafuni, nayo haimjui mtu. Katika la pili bei i kinywani mwa mwenye duka, naye awajua wanunuzi wake kwa majina, na kwa majina ya baba zao.

Kuuza kwa rafu si jambo la kale sana. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis nchini Marekani, mfanyabiashara aitwaye Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly. Kabla ya hapo ilikuwa desturi mnunuzi kusimama mbele ya meza akasema atakacho, na mtumishi akamletea. Saunders alimpa mnunuzi kikapu, akamwacha apite mwenyewe kati ya rafu, akaandika bei juu ya kila kitu, na malipo yakafanywa penye njia ya kutokea. Watumishi walipungua, na gharama ikapungua pamoja nao. Kisha akawaruhusu watu wengine wafungue maduka kwa jina lake na kwa utaratibu wake, nao wakamlipa kwa ruhusa hiyo.

Biashara ya kukodisha jina imeenea tangu hapo hata kwetu. Carrefour ni kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1959. Lakini lilipofunguliwa duka la kwanza la jina hilo nchini Kenya mwaka 2016, mwenye duka hakuwa Mfaransa. Ilikuwa kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyopewa idhini ya kulitumia jina. Mwenye jina yu Ufaransa, mwenye duka yu Dubai, mtengenezaji wa mafuta ya kupikia yu Pwani ya Kenya, na mnunuzi amesimama katika foleni na chupa mkononi. Hao wote wamo ndani ya bei moja, na wengi wao hawataonana maisha.

Sitaki kuikejeli bei ya rafuni, maana ina fadhila kubwa. Huko Uingereza katika karne ya 17, Wakristo wa dhehebu la Quaker walikataa kuvutana bei kwa sababu ya dini yao. Walishika ya kuwa mtu atajaye kumi huku moyoni ataridhika na saba amesema uongo. Kwa hiyo wakataja bei moja kwa wote, mjuzi na mjinga, mtoto na mtu mzima. Hoja hiyo yaweza kufahamika vyema Diani. Palipo na watalii hapakosi bei mbili, moja ya mgeni na moja ya mwenyeji, na mgeni agunduaye kwamba amelipa maradufu kwa dafu haoni la kuchekesha. Rafuni mtalii wa hotelini na mchukuzi wa mizigo yake husoma tarakimu zile zile. Mtoto aliyetumwa hapunjwi kwa utoto wake, wala mwenye haya haumizwi kwa haya zake. Hilo ni jambo la haki, na anayebisha na atuonyeshe lililo bora.

Lakini bei ya rafuni ina ila moja, nayo ni ububu. Mwenye duka dogo aweza kuulizwa mbona sukari imepanda, naye atajibu, kweli au uongo. Karatasi ya rafuni haiulizwi. Na tarakimu zenyewe hazikosi hila: kitu cha shilingi 200 huandikwa 199, ili jicho lishike ile moja na kuzisahau zile tisa mbili. (Ile shilingi ya chenji mara nyingi ilirudi mkononi ikiwa peremende, tena bila mtu kuulizwa kama ana hamu nayo.)

Basi na tuulize kwa niaba ya karatasi. Bei hushukaje katika duka kuu? Anunuaye kwa malori hupunguziwa kuliko anunuaye kwa katoni, na hapo hapana dhambi. Tena hutosheka na faida ndogo kwa kila kitu, kwa kuwa vitu vyenyewe hutoka upesi. Hapo pia hapana neno. Baadhi ya vitu huuzwa kwa hasara makusudi, viwe chambo: mtu hufuata sukari, akatoka na sukari, biskuti na ndoo ambayo hakuihitaji. Mvuvi yeyote wa Msambweni ataifahamu kazi hiyo. Lakini mnunuzi si samaki. Ana akili yake, na akinaswa sehemu ya lawama ni yake.

Iko njia nyingine, nayo ndiyo inayonitia shaka. Duka kuu hupokea bidhaa leo na kuzilipa baada ya siku 60 au 90, pengine zaidi, ilhali mkate na maziwa huuzwa kwa siku chache tu. Katika kipindi hicho chote fedha za mwenye bidhaa zafanya kazi kwa mwenye duka. Mwuzaji amegeuzwa mkopeshaji, tena mkopeshaji asiyetoza riba. Mambo yakienda vizuri hapana aonaye. Yalipokwenda vibaya, nchi nzima iliona: Nakumatt, kampuni kubwa ya maduka iliyokuwa na tawi hata Diani, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe, madeni yakiwa yamepita shilingi bilioni 30. Miongoni mwa wadai walikuwamo watu waliopeleka vyakula katika rafu hizo. Mnunuzi aliyefurahia unafuu wa bei miaka ya nyuma hakuwaona watu hao, walakini sehemu ya unafuu wake ilitoka mifukoni mwao.

Wala si deni peke yake. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kwamba Majid Al Futtaim, mwenye maduka ya Carrefour, alitumia vibaya nguvu zake za ununuzi dhidi ya Orchards Limited, watengenezaji wa maziwa ya mtindi. Na mwaka 2021 baraza la rufaa likauunga mkono uamuzi huo. Desemba 2023 Mamlaka iliitoza kampuni ile ile faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa mashauri ya watengenezaji wengine wawili: Woodlands, wauzaji wa asali, na Pwani Oil, watengenezaji wa mafuta ya kupikia na sabuni wa hapa Pwani. Yaliyolalamikiwa yalikuwa makato yasiyotokana na mapatano ya kweli, bidhaa zilizotakiwa bure, na gharama za duka kutwikwa mwenye bidhaa. Kampuni ilipinga.

Mimi si hakimu, nami sitaihukumu upya kesi ya wenye sheria. Ninalolitaka ni ile hoja isemwayo na watu wengi mambo ya namna hii yatajwapo: mwuzaji alitia sahihi mwenyewe, hakushikwa mkono. Ni hoja nzito kwa sura yake. Lakini hebu tuitazame. Mtengenezaji mdogo ana mtindi unaoharibika baada ya siku chache, na duka lililo na wanunuzi wengi ni moja au mawili. Mtu aliye na mlango mmoja wa kutokea, ukimwambia apite kwa masharti yako au abaki ndani, huwezi kusema umempa hiari kamili. Sahihi yake ni ya kweli. Uhuru wake ni nusu. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, imeliona jambo hilo, ikamlinda mwuzaji dhidi ya mnunuzi mwenye nguvu. Tumezoea kudhani kwamba dhuluma ya bei ni moja tu, ile ya kumlipisha mnunuzi kupita kiasi. Kumbe bei yaweza kuwa ya chini na bado ikawa ya dhuluma.

Sasa na tugeuke tuelekee Msambweni. Tuseme lita moja ya mafuta katika duka kuu ni shilingi 300. Katika duka la dirisha mama mwenye nyumba hununua kikopo cha shilingi 20, na kikopo hicho ni sehemu ya ishirini ya lita. Piga hesabu: lita ile ile imemgharimu shilingi 400. Hapo watu wema hushika vichwa wakasema, tazameni, maskini hulipa zaidi kuliko tajiri! Wamesema kweli, lakini wamesimama njiani. Mama huyo, ili aipate chupa ya shilingi 300, yampasa awe na shilingi 300 kwa siku moja, na nauli ya matatu ya kwenda na kurudi, tuseme 200. Bei nafuu ya Diani kwake ni shilingi 500. Mwenye duka la dirisha amemsafirishia mafuta, ameyagawa kwa kadiri ya mkono wake, na jioni ambapo hana hata hiyo 20 huenda akamwandikia. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Mama huyu hufanya kinyume chake, hukitoa kibaba haba kwa haba, na kazi hiyo ya kugawa ina ujira wake.

Hata hivyo nisimpambe mwenye duka mdogo kama malaika. Daftari lake lina majina ya watu waliohama mtaa bila kulipa, na hasara hiyo haikai daftarini. Huipandisha bei kidogo, na kwa hiyo mlipaji mwaminifu humlipia mkimbiaji. Je, ni haki? Wengine husema ndiyo gharama ya kuishi na watu. Mimi nasema ni kodi isiyotangazwa, ingawa naikubali kwa shingo upande, maana yule mwaminifu wa leo aweza kuwa mgonjwa wa kesho, na daftari lile lile likamwokoa. Vipimo ni jambo jingine. Kikopo kilichobonyezwa chini ili kipokee pungufu hakina utetezi wowote.

Wazee wetu walizijua tofauti hizi. Imepokewa katika hadithi kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume awapangie bei, naye hakukubali, akachelea kukutana na Mola wake ilhali yupo mtu anayemdai dhuluma. Lakini katika Kurani iko sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wapunjao katika vipimo. Nionavyo mimi, hapo pana fundisho kwa Mwislamu na kwa asiye Mwislamu: si kila bei ya juu ni dhambi, ila udanganyifu ndani ya bei ni dhambi hata bei ikiwa ya chini. Kipimo nikitumiacho mimi ni hiki. Tumwite mkulima au mtengenezaji, mchukuzi, mwenye duka na mnunuzi, wakae mkekani pamoja, na mwenye duka asimulie bei yake shilingi kwa shilingi. Kama yupo mmoja ambaye angependa asiwepo wakati wa masimulizi, basi bei hiyo ina kasoro mahali alipoketi yeye.

Kwa kipimo hicho maduka yote mawili yana la kujibu, nayo hayako mbali kama tudhanivyo. Mtengenezaji akibanwa na mnunuzi mkubwa, hufidia wapi? Wachumi wamekwisha kuonya kwamba huenda akaitafuta fidia kwa mnunuzi mdogo, asiye na nguvu ya kubana. Ni kama kiriba cha maji, ukikikanyaga hapa huinuka pale. Dumu la lita 20 lililo nyuma ya nondo huko Msambweni, lililoletwa kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu, aghalabu ni la mafuta yale yale yaliyomo katika chupa ya Diani. Mwenye duka hulipima kikopo baada ya kikopo. Yamkini katika kila kikopo limo tone linalolipiwa ili karatasi ya rafuni isomeke vizuri huko Diani. Na mama anayelilipia hajapata kupanda matatu kwenda kuisoma.