Amani Huanzia Nyumbani



Muhula uliopita dada zetu wawili walinyang'anywa simu na kutukanwa njiani wakirudi hosteli baada ya Isha. Kamati yetu iliitisha kikao. Tulikuwa wanaume saba. Kwa dakika ishirini tukaamua: dada wasihudhurie tena darsa la usiku. Hakuna dada aliyeulizwa. Nami nilikuwemo, nikanyamaza.

Nimelikumbuka hilo nikisoma Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 31 Oktoba 2000, Namibia ikiongoza baraza hilo. Linazitaka nchi ziwashirikishe wanawake katika kuzuia vita na kutafuta amani, na ziwalinde katika machafuko. Uganda ilitoa mpango wake wa utekelezaji mwaka 2008. Nchi nyingi tajiri nazo zina mipango yao, lakini kwa muda mrefu nyingi ziliiandika kama sera ya mambo ya nje: fedha na mafunzo kwa wanawake wa nchi zenye vita, huku mwanamke anayepigwa kwao wenyewe akiwa hamo katika mpango huo.

Swali langu ni hili: je, serikali ina haki ya kulingania nje jambo ambalo haijalitimiza ndani?

Jibu la haraka ni kwamba huo ni unafiki. Suratu Saff, aya ya 2 na ya 3, inakemea vikali kusema tusiyoyatenda. Lakini tusiharakishe. Wanazuoni wametufundisha kwamba mwenye dhambi haondokewi na wajibu wa kukataza maovu. Tungesubiri wakamilifu, nani angelingania? Basi upungufu peke yake haumfanyi mtu mnafiki. Kinachomwangusha ni kujitoa katika hukumu anayowasomea wenzake. Mwenye upungufu husema, "Nami linanihusu, naanza." Anayejitoa husema, "Hilo ni la wenye vita."

Sisi Uganda hatuwezi kusema hivyo. Vita vya kaskazini vilidumu takriban miaka ishirini, na wasichana wengi walitekwa. Katika miaka ya 1990 Bi Betty Bigombe, akiwa waziri, alikwenda porini kuzungumza na Joseph Kony uso kwa uso. Tangu mwaka 2007 askari wetu wamekuwa wakienda kulinda amani Somalia. Askari anayetakiwa kumheshimu mwanamke wa Mogadishu ana deni hilo hilo, tena kubwa zaidi, kwa mwanamke wa Gulu au Kampala.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya New York, hayatuhusu Waislamu. Nawarudisha Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha Masahaba wachinje na wanyoe, wala hakuinuka mtu kwa huzuni waliyokuwa nayo. Aliingia kwa Ummu Salama (r.a.), naye akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Alipofanya hivyo, wote wakainuka. Na katika Fat'hu Makka, Ummu Hani (r.a.) alimpa hifadhi mtu ambaye kaka yake, Ali (r.a.), alitaka kumuua. Mtume (s.a.w.) akaipitisha hifadhi ile.

Ndugu msomaji, uangalie vizuri ushauri wa Ummu Salama. Maana yake ni: anza wewe, watakufuata. Ndilo jibu la swali letu. Serikali iliyoanza kwake, hata kama haijafika, inaweza kuwaita wengine. Ambayo haijaanza, na wala haioni kwamba inahusika, maneno yake hayatamwinua mtu.

Na chama chetu je? Hatimaye nilimwendea kiongozi wa dada nikamwomba radhi. Akaniambia, "Kaka, mwizi mmemwachia njia, sisi mmetufungia darsa." Kumbe walichotaka ni darsa lihamishiwe baada ya Alasiri, na taa ya njia ile itengenezwe. Mambo mawili mepesi, ambayo wanaume saba hatukuyafikiria.

Nimepeleka hoja kwenye kamati: uamuzi ule ufutwe, na usalama wa dada usijadiliwe tena bila dada kuwepo kikaoni. Itajadiliwa muhula huu, inshallah. Safari hii sitanyamaza.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Masomo ya Kiislamu.