Wengi Wape: Je, Hata Mashamba?

Wahenga walisema, "Wengi wape." Methali hii twaifundisha mara nyingi, na wanafunzi huikubali bila shida, kwani yaonekana kuwa ni busara ya kuepusha ugomvi. Katika makala haya twapenda kuipima kwa jambo moja. Wakazi wa kiunga cha mji wanapoulizwa kama mashamba yao yageuzwe viwanja vya nyumba, je, hesabu ya mikono iliyonyoshwa yatosha kuwa jibu la haki?

Kwetu Burundi swali hili si la mchezo. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu milioni 8 na ushei katika nchi yenye eneo la kilomita za mraba 27,834. Yaani watu wapatao 290 katika kila kilomita moja ya mraba, na tangu hapo tumeongezeka. Wengi wetu hula kinachotoka shambani, na shamba lenyewe kwa familia nyingi halifiki hata hekta moja. Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, haja ya nyumba na ofisi ilizidi. Kaskazini yake, Mutaho, kama katika vituo vyetu vingine vya biashara, migomba na maharage hupakana na kuta za nyumba. Kila nyumba mpya husimama mahali palipokuwa na chakula.

Mutaho yatukumbusha jambo jingine pia. Baada ya vita vilivyoanza mwaka 1993, watu waliokimbia makwao walikusanyika katika makazi mapya sehemu nyingi za nchi, na Mutaho ni mojawapo. Humu nchini baadhi ya makazi hayo yalijengwa juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe. Wakati ule hapakuwa na nafasi ya kuulizana, kwani roho za watu zilikuwa hatarini. Lakini miaka ilipopita mwenye shamba alidai shamba lake, na mwenye nyumba hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mnyang'anyi. Yafaa tuukumbuke mfano huu, maana wadhani wengi huona kwamba katika ugomvi wa ardhi lazima awepo mwovu.

Sheria yetu haiwapi wakazi kura juu ya jambo hili. Watu huchagua baraza la kilima, lenye wajumbe watano. Lakini serikali yaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma na kulipa fidia, kama isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 2011. Jirani zetu wamekwenda njia nyingine. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi kwa matumizi mengine mpaka mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, uridhie. Ikizidi hapo, neno la mwisho ni la Waziri. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2016, yataka theluthi mbili za watu wazima walioandikishwa kabla jamii haijaitoa ardhi yake.

Mbali zaidi, huko California, Marekani, wapiga kura wa jimbo dogo la Ventura waliamua mwaka 1998 kwamba mashamba yaliyo nje ya miji yasigeuzwe viwanja bila kura ya wananchi, na mwaka 2016 wakaurefusha uamuzi huo hadi mwaka 2050. Mashamba yakasalimika. Hata hivyo, vibarua wengi wanaoyalima, kwa kuwa si raia, hawakuwa na kura. Nao ndio wanaotaabika mno kupata nyumba ya kodi nafuu. Shamba lilipata mtetezi, mlimaji hakupata.

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa "wengi wape". Wengi hao ni wengi wa nani? Mkutanoni huja waliopo. Mpangaji wa mjini, anayeishi na watoto watano katika chumba kimoja, haitwi, ingawa nyumba ingejengwa kwa ajili yake. Mama anayelima shamba la mumewe pengine huja, lakini kwa desturi yetu binti harithi ardhi ya baba yake. Basi mkono wake huhesabiwa na sauti yake haisikilizwi. Mtoto asiyezaliwa bado hawezi kuja kabisa. Kura yawahesabu waliopo, na ardhi yawahusu pia wasiokuwapo.

Wako watakaosema kwamba turudie basi mabaraza ya bashingantahe, ambao hawakuhesabu mikono bali walisikiliza pande zote hadi maelewano yapatikane. Subira ile ni ya kuigwa. Lakini tusisahau kwamba baraza lile lilikuwa la wanaume watu wazima, na maelewano ya wachache waliokaa kitako si lazima yawe maelewano ya wote.

Wengine watasema kwamba shamba ni la mwenyewe, auze akitaka, na kura haina kazi. Hoja hii ina nguvu, kwani ni dhuluma kumlazimisha maskini abaki mkulima ili sisi wa mjini tule maharage ya bei rahisi. Ila aliyeuza kwa sababu ya ugonjwa au karo hakuuza kwa hiari kamili. Na akisha kuuza, jirani hupoteza njia ya maji, na soko hupoteza mboga.

Sisi twaona hivi. Uamuzi wa kujenga na uamuzi wa kukataa havilingani. Kilichokataliwa leo chaweza kukubaliwa kesho. Shamba lililomwagiwa saruji halirudi. Kwa hiyo ni haki kudai wingi mkubwa zaidi, kama theluthi mbili, kabla ya kujenga juu ya udongo mzuri. Lakini kinga hiyo isigeuke ngome ya wenye ardhi dhidi ya wasio na paa. Anayesema "ndiyo" ana deni: aonyeshe mkulima atalima wapi, na alipwe kabla jembe halijaondolewa, si baada. Anayesema "hapana" naye ana deni: aonyeshe wasio na nyumba watajenga wapi, iwe ni juu ya ardhi kavu isiyozaa, au kwa kujenga ghorofa pale palipokwisha kujengwa. Kura isiyobeba deni lake, iwe ya ndiyo au ya hapana, ni nguvu tu ya wingi.

Lugha yetu yenyewe yatusaidia kufikiri. Neno "kura" latokana na Kiarabu, na asili yake ni bahati nasibu ya kugawia. Katika kura ya namna ile aliyekosa hakuitwa mwenye makosa, ila alikosa fungu tu. Kura ya siku hizi hutushawishi tuamini kwamba walioshindwa walikosea. Na neno "kiunga", katika Kiswahili cha pwani, lina maana ya pembezoni mwa mji, na pia shamba au bustani ya miti ya matunda. Wazee waliolitumia hawakuona ajabu neno moja kubeba mji na bustani pamoja.

Basi, walimu wenzetu, mnapoifundisha methali hii, wapeni wanafunzi swali la kilima kimoja, mashamba ishirini na familia hamsini zisizo na nyumba. Waacheni wabishane, kisha wapige kura. Kura ikisha hesabiwa, msifunge kipindi. Waulizeni walioshinda watawapa nini walioshindwa.