Samaki Waliomo Mikononi Mwetu

Twataka kukiri kosa letu kabla ya kuwausia wengine. Mwezi uliopita vijana wa darasa letu walivua samaki watano wadogo, bapa, wa rangi ya fedha, penye mikoko ya hori la Mtwapa, ambapo maji si matamu wala hayana chumvi kamili ya bahari. Tukawatia katika tangi jipya la kioo siku ile ile. Siku ya sita hapakuwa na hata mmoja aliye hai.

Kufuga kwenyewe hakukatazwi. Wanavyuoni wametoa ruhusa katika kisa cha Abu Umeir, mtoto aliyekuwa na kindege chake. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie. Sisi wetu tuliwalisha, tena sana, na ndiko kulikowaua.

Mabaki ya chakula na uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Viko vijidudu viigeuzavyo kuwa naitraiti, ambayo ni sumu vilevile, na vingine huigeuza hiyo kuwa naitreti, yenye madhara machache. Katika tangi jipya vijidudu hivyo havijakaa. Vyahitaji wiki nne hadi sita, pengine zaidi. Muda huo tangi likae bila samaki, litiwe chembe za chakula zioze, mpaka kipimo kionyeshe kuwa amonia na naitraiti zimekwisha.

Chumvi nayo ina mizani yake. Lita ya maji ya bahari ina kadiri ya gramu 35; kwa samaki wachanga wa mikokoni gramu 10 hadi 15 zatosha, za chumvi itengenezwayo kwa matangi, si ya jikoni. Maji yakipungua kwa joto, chumvi hubaki. Basi huongezwa maji matamu, yaliyokwisha kutolewa klorini. Sisi, kwa ujinga, tuliongeza ya chumvi.

Tena samaki wale hupenda kuishi kundi, na hukua hata sentimita 25. Tangi letu ni la lita 60! Lau wangaliishi, tungaliwafunga jela.

Sasa tangi lipo barazani, lina maji na changarawe, wiki ya tatu hii. Tumeazimia kutia visamaki vidogo viwili vitatu vya aina isiyokua. Watoto huja kila baada ya Alasiri kuuliza samaki wako wapi, nasi huwaonyesha kipimo: naitraiti bado ingalipo.